Fungu la Mwenye Mto

Mama aliuliza swali lake Jumapili moja mchana. Tulikuwa tumetoka kanisani, mimi nimeshavua viatu, na binti yangu amejilaza kwenye zulia na simu yake. Alikuwa akimwonyesha bibi yake video ya Mzungu mmoja mnene aliyesimama ndani ya kijito, gambuti zimempanda hadi mapajani, anazungusha karai la plastiki la kijani kutafuta dhahabu. Mama aliitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akaitazama tena. Kisha akasema, "Huyu ana kibali?"

Binti yangu amezaliwa hapahapa London, mtaa wa Lewisham. Kiswahili anakisikia chote, ila mdomo wake unajibu kwa Kiingereza.

"It's just a hobby, Bibi," alisema.

Mama akanigeukia mimi. "Nimeuliza kama ana kibali."

Nikamwambia sijui. Nilidhani yameishia hapo, maana mimi ni mtu wa kupenda mambo yaishe.

Mama alikuwa amekuja mwezi Machi kwa viza ya matembezi, miezi sita. Nilimtembeza kwenye maduka makubwa, nikampandisha treni isiyo na dereva, nikampeleka sokoni ambako alionja embe moja akasema limechoka safarini. Baada ya hapo alikaa dirishani, ghorofa ya nne, akihesabu treni. Mimi nilikuwa kazini Stratford, kwenye mageti ya tiketi, ambako kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wapite wapi na wasipite wapi. Nikirudi nilimkuta palepale. Hakulalamika. Mama yangu halalamiki, na hilo ndilo linalochosha kwake.

Lazima nieleze mama alikuwa nani kwenye dhahabu, kwa sababu hakuwa mchimbaji. Kwetu Geita, enzi hizo, mwanamke hakukaribia duara, yaani shimo la kuchimbia. Wachimbaji waliamini akichungulia tu shimoni dhahabu inahama. Mama alikuwa mama lishe: ugali, maharage, dagaa, chai asubuhi. Vyombo vikishaoshwa, alasiri, aliosha mchanga. Wenyewe waliuita marudio, yaani mchanga ambao wanaume wameshauosha mara moja wakaumwaga. Alikuwa na karai la bati lililotoboka kando na kuzibwa kwa lami. Kwa wiki nzima ya kuinama alipata punje isiyozidi yai la chawa, na aliifunga kwenye karatasi ya sigara.

Halafu eneo lile likapata mwenyewe. Mtu wa mjini alikuja na leseni, akaweka uzio, na marudio nayo yakawa mali yake. Pale getini waliwekwa walinzi, na kila mwanamke aliyetoka alipekuliwa. Kilemba kinavuliwa, nywele zinafumuliwa, mdomo unafunguliwa na ulimi unainuliwa. Siku moja mlinzi aliona mchanga kwenye pindo la kanga ya mama. Ulikuwa vumbi tu la mahali alipokaa kukatia mboga. Alimwita mwizi kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa bado na mabonge ya ugali wake mkononi. Akamvua kilemba akakitupa chini. Akamfumua mabutu moja baada ya jingine bila haraka, kisha akamtia kidole mdomoni na kukizungusha.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, nimebeba sufuria. Naikumbuka ile sufuria kuliko uso wa mlinzi. Hakupata kitu, na hakusema samahani. Kuanzia siku hiyo mama akaitwa mwizi wa mchanga, na jina likanifuata hadi shuleni. Yeye hakulizungumzia kabisa. Jambo moja tu lilibadilika: hajawahi tena kukaa kichwa wazi mbele ya mtu, hata mbele yangu, hata alipolazwa kwa malaria akiwa hajitambui vizuri. Alikuwa akikishika kilemba kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo nilipokaa na swali lake nilielewa kwamba halikumhusu yule Mzungu.

Siku chache baadaye, akimenya viazi, alilisema wazi. "Nataka nioshe mchanga siku moja nikiwa na karatasi. Yenye jina langu. Nishuke mtoni mchana kweupe, nitoke mchana kweupe. Halafu nirudi nyumbani."

Nilicheka. Yeye aliendelea kumenya viazi.

Nilianzia na mto wa karibu, maana mvivu huanzia karibu. Siku ya mapumziko nilimpeleka Thames, maji yakiwa yamekupwa. Tukashuka ngazi za mawe zenye utelezi hadi kwenye tope na kokoto. Palikuwa na kibao. Nilimtafsiria: hairuhusiwi kuchimba, wala kutafuta kitu, hata juujuu, bila kibali. Nilikuwa nimeshasoma nyumbani kwamba hata orodha ya wanaosubiri kibali imefungwa, lakini nilitumaini hatutafika huko.

"Hata kuinama?" aliuliza.

"Kuinama ruksa, mama. Kutafuta ndiyo hapana."

"Watajuaje kama nimeinama au natafuta?"

Kazini ningelijibu swali hilo, maana kazini nina sare. Mama akaweka mikono nyuma ya mgongo, akaishika kiganja kwa kiganja, na muda wote tuliokuwa chini pale alitembea hivyo kwenye tope, akiteleza na kukataa nimshike, ili mtu yeyote aliye juu ya daraja aone kwamba mikono yake haina kitu. Nilimwomba tuondoke. Isitoshe, dhahabu pale hakuna ya kusema.

Wiki zilizofuata nilisoma. Nilikwenda maktaba kwa sababu nyumbani mama alikuwa akisimama nyuma yangu. Nilichojifunza ni kwamba hapa dhahabu iliyomo ardhini ni ya Mfalme, hata kama shamba ni lako.

"Basi tumwandikie Mfalme," mama alisema.

Nikamweleza kwamba kuna ofisi ya mambo hayo, lakini inashughulika na makampuni. Wanaoosha mchanga kwa kujifurahisha wanavumiliwa tu, mradi mwenye ardhi awe amekubali. Misitu ya umma kule Wales imekataza kabisa. Mito iliyohifadhiwa imekataza. Tena ipo miezi ambayo changarawe haiguswi, kuanzia vuli hadi mwisho wa majira ya kuchipua, kwa ajili ya mayai ya samaki.

"Samaki wamewekewa mlinzi," alisema mama. Hakusema kwa hasira. Alikuwa akiangalia jambo lilivyo.

Nilimpigia simu mzee mmoja wa chama cha hao wapenda kuosha mchanga. Alikuwa mpole, na nilisikia anatafuna kitu, nadhani biskuti. Alinieleza mengi juu ya kokoto na kona za mto, lakini nilipomwuliza mahali alinyamaza. Maeneo yao hawayataji. Wameyapata kwa miaka ya kubembeleza, na mgeni mmoja asiyefunga geti anaweza kuyapoteza yote. Mwisho alinionea huruma. Aliniambia niache kuuliza dhahabu iko wapi, niulize shamba ni la nani. Na kama nilitaka kujaribu bahati, vilima vya kusini mwa Uskoti vina wafugaji wa kondoo wengi na vijito vingi.

Mama alisema huyo mzee ana akili. "Hata kwetu ndivyo. Huanzi na mwamba. Unaanza na mwenye shamba."

Ndivyo tulivyokaa mezani kuandika barua. Nilikuwa na mistari mitatu kichwani: jina, ombi, ahsante. Mama akaniambia niweke kalamu chini. Barua ya kuomba ardhi, alisema, haianzi kwa kuomba. Akaanza kunitajia maneno, macho ameyafumba kidogo, na mimi nikaandika. Alimjulia hali mwenye shamba na nyumba yake. Aliuliza mifugo haijambo, mvua imenyesha vipi, kondoo wamezaa salama. Akajitambulisha kwamba ni mama mtu mzima, mjane, mgeni nchini, anakaa kwa mwanawe London. Akasema anaomba siku moja tu ya kuosha mchanga mtoni kwa karai. Kisha akafungua macho.

"Andika, fungu la mwenye mto ni moja katika tatu."

Nilisita. "Mama, huku hawafanyi hivyo."

"Huku hawali?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi tuliyokulia. Mwenye eneo ana fungu lake, na anayechukua bila kugawana ndiye anayeitwa mwizi. Mimi mwenyewe sikuona ubaya wake. Nikaandika yote, nikaipeleka kwa msimamizi wa shamba moja kubwa kaskazini mwa Wales. Jibu lilikuja baada ya siku nane, mistari minne. Walishukuru. Waligundua kwamba pendekezo letu ni la kibiashara, kwa kuwa linahusu kugawana mapato. Uchimbaji wa kibiashara unahitaji leseni na masharti mengine mengi. Kwa hiyo hapana.

Binti yangu aliisoma akacheka hadi akakohoa. "Dad, you basically offered him a joint venture."

"Amesema nini?" mama aliuliza.

"Anasema tulimkaribisha mtu kwenye kampuni."

Mama hakuona la kuchekesha. Alitaka kujua ni nani aliyekataa fungu. Tangu azaliwe alikuwa hajamsikia mtu aliyekataa fungu lake mwenyewe. Nilijaribu kumweleza kwamba ukiahidi fungu unakuwa mfanyabiashara, na ukichukua chote peke yako unakuwa mtu wa kujifurahisha, na wa kujifurahisha ndiye anayeruhusiwa. Nilieleza mara mbili. Nilivyokuwa nikieleza ndivyo nilivyozidi kusikia jinsi lilivyokaa vibaya kwa Kiswahili.

"Barua nyingine iandike vilevile," alisema. "Huyo alikuwa amevimba kichwa tu."

Ilikuwa tayari Juni. Viza yake ilikuwa inaisha katikati ya Septemba, na mayai ya samaki yangeanza tena muda si mrefu baada ya hapo. Nilifanya ninachofanya kazini abiria anapokuja na hadithi ndefu: nilimwitikia kwa kichwa, kisha nikafanya yangu. Niliandika barua kumi na moja kwa wafugaji kumi na moja wa kusini mwa Uskoti. Salamu zote niliziacha kama zilivyo, za nyumba, za mvua, za kondoo, kwa sababu sikuthubutu kuzigusa. Fungu nililitoa. Mama aliponiambia nimsomee, nilimsomea kwa Kiswahili, na nilipofika mahali pa fungu nilisoma sentensi ambayo haikuwepo kwenye karatasi. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilijishangaa.

Wafugaji kumi hawakujibu. Wa kumi na moja alijibu kwa mkono, kwa kalamu ya wino, karatasi mbili. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa kondoo. Walizaa vizuri isipokuwa jike mmoja aliyepoteza mapacha. Mvua ilichelewa ikaja yote pamoja. Yeye mwenyewe hajambo isipokuwa goti, na nyumbani yuko peke yake tangu mkewe afariki. Alisema hajawahi kupata barua iliyomwuliza mambo hayo, na wanaoomba mto wake huwa wanauliza mto tu. Ukurasa wa pili ulikuwa kibali. Kilikuwa na jina la mama, majina yote matatu, kila herufi mahali pake. Siku moja ya Agosti. Karai na mwiko mdogo tu, kingo za mto zisichimbwe, mageti yafungwe. Chochote kitakachopatikana akichukue kama ukumbusho, kisiuzwe.

Mama alikishika kile kibali kwa mikono miwili. Hajui Kiingereza, lakini jina lake analijua lilivyo. Aliweka kidole kwenye kila neno la jina, moja, mbili, tatu. Binti yangu akamletea mfuko wa plastiki wa kuhifadhia karatasi za shule, na bibi yake akakitia humo, akaenda chumbani nacho. Nilisikia anaimba pambio. Nilifurahi sana, sitaficha. Nilijiona nimefanya kazi ya mwana.

Tulipanda treni asubuhi na mapema, tukabadilisha, tukapanda basi la vilimani ambalo siku ile lilikuwa na abiria wanne. Mama alivaa gambuti mpya tulizonunua sokoni na kitenge chake cha kanisani juu ya suruali yangu ya zamani. Karai la plastiki alilikataa. Alikuja na beseni la bati alilolipata duka la Wahindi kule Neasden, siku tuliyokwenda kuona hekalu lao, na kulisugua ndani kwa mchanga wa uani hadi likapoteza mng'ao.

Mwenye shamba tulimkuta getini anakaza waya. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia. Kiingereza chake mwanzoni nilikikamata nusu. Mama akamwonyesha kibali ndani ya plastiki, na mzee, ambaye ndiye aliyekiandika, alikisoma chote kwa adabu kabla hajafungua geti. Akatuonyesha njia ya kushukia mtoni.

Sijawahi kumwona mama akifanya kazi ile kwa macho ya mtu mzima. Hakukimbilia maji. Alitembea kandokando ya kijito kama robo saa, akitazama mahali maji yanapogeuka, mahali jiwe kubwa linapoyavunja nguvu. Akachagua kona ya ndani, chini ya mzizi. Akachota kokoto za chini kabisa, akazitupa kubwa kwa mkono, akaanza kuzungusha. Maji ya Uskoti hata Agosti yanauma. Nilimwambia apumzike, akaniambia nisimtie kivuli kwenye beseni. Yeye aliyezoea marudio ya wengine alikuwa anaosha mchanga ambao hakuna aliyeuosha kabla yake, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko nilivyozoea kuuona hapa London. Nilikaa kwenye nyasi kavu nikala sandwichi yangu nikamtazama.

Baada ya saa tatu hivi aliniita. Kwenye mkunjo wa beseni, nyuma ya mchanga mweusi, zilikuwepo punje tatu. Moja ilionekana vizuri. Mbili zilihitaji jua.

Alizitia kwenye kichupa cha dawa ya macho alichokuja nacho kimeoshwa, pamoja na maji kidogo. Akakiinua juu. Halafu akasema, kwa furaha kabisa, "Tatu. Hata hesabu imekaa yenyewe. Twende tukampe moja yake."

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kupanda naye hadi getini, nikamwambia mzee kwa Kiingereza kwamba mama anamshukuru, nikamwambia mama kwa Kiswahili kwamba mzee anamwachia fungu lake kama zawadi. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeshaifungua midomo. Kisha nikaona jinsi alivyokishika kile kichupa, na nikashindwa.

"Mama, fungu halimo kwenye barua."

"Ulinisomea."

"Nilikusomea uongo. Nililitoa. Wangekataa tena."

Maji yalikuwa yakipita kwenye gambuti zake. Nilitegemea anifokee, na ningeshukuru kama angenifokea.

"Kwa hiyo nimesimama kwenye mto wa mtu," alisema polepole, "nachukua chake, na yeye hajui kwamba anacho."

"Anajua, mama. Ameandika uchukue."

"Ameandika kwa sababu hukumwambia." Akaweka kifuniko kwenye kichupa akakikaza. "Miaka yote ile waliniita mwizi na sikuwa mwizi. Leo umenifanya mwizi wewe, kwa kalamu."

Alitoka majini bila kushika mkono wangu. Nilibeba beseni nikamfuata. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu siku ya sufuria, na safari hii hapakuwa na mlinzi wa kumlaumu. Alipanda mlima wote bila kupumzika, mwanamke wa miaka sabini na ushei, moja kwa moja hadi getini alipokuwa yule mzee na waya wake.

Alimpa kichupa. Mzee akakipokea, akakitazama kwenye mwanga, akatabasamu, akasema jambo la kupongeza. Akamrudishia. Mama hakukipokea.

"Mwambie fungu lake humo ni punje moja," aliniambia. "Mwambie yote. Na uongo wako."

Nikamwambia. Nilimweleza mzee desturi yetu, na barua ya Wales, na nilichokitoa na kwa nini. Alinisikiliza, nyundo mkononi. Akasema hawezi kuchukua. Akichukua fungu, mto wake unakuwa mgodi, na yeye hataki mgodi, anataka kondoo. Akakiweka kichupa kwenye kiganja cha mama na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Nikamtafsiria mama neno kwa neno, safari hii bila kupunguza.

Mama akafikiri. Alikuwa na ruhusa lakini hakuwa na wa kugawana naye, na kwa hesabu zake hiyo haikutosha kumtoa getini kwa heshima. Ilibaki njia moja tu anayoijua.

Aliweka kichupa juu ya nguzo ya geti. Akalichukua kwangu beseni la bati, akalilaza chini kifudifudi. Akageuza nje mifuko ya ile suruali yangu aliyoivaa. Kisha akainua mikono yote miwili akafungua kilemba chake, akakikung'uta, akakitundika kwenye waya. Akaingiza vidole kwenye mabutu yake akaanza kuyafumua moja baada ya jingine. Sikuwa najua kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Alipomaliza akamsogelea yule mzee, akatanua mikono, akafungua mdomo wazi na kuinua ulimi.

"Mwambie anipekue," alikuwa amesema kabla ya kuufungua. "Nisije nikatoka hapa na lile jina."

Mzee alinitazama. Nilimweleza kwa sentensi mbili, kwamba kwetu wanawake hutoka hivi machimboni, na kwamba siku moja walimtoa hivi mbele ya watu, na mimi nilikuwepo. Alimtazama mama, na ule mdomo wazi, na upepo unazirusha nywele zake. Akavua kofia. Akaenda kwenye waya, akakitoa kilemba mahali kilipokuwa kimenasa, taratibu ili kisichanike, akamletea.

"Amesema nini?" mama aliniuliza, maana mzee alikuwa amesema maneno machache.

"Amesema ujifunge, kuna upepo."

"Hivyo tu?"

"Na anauliza mifugo yako wewe haijambo. Anasema kwenye barua uliuliza ya kwake, ya kwako hukuitaja."

Mama alikipokea kilemba. Kisha akasema mbuzi wawili, hawajambo, mmoja ana mimba. Nikamfikishia. Mzee akaitikia kwa kichwa kwa uzito, akauliza atazaa lini.

Basi letu lilikuwa la saa kumi alasiri, na lililofuata lilikuwa baada ya saa mbili nzima. Nilimkumbusha. Akaniambia nimshikie simu yangu kama kioo. Akasuka kwanza mabutu yake upya, yote, akiwa amesimama pale njiani kichwa wazi, mzee anakaza waya wake pembeni na kondoo wanatutazama. Halafu akafunga kilemba, hakukipenda, akakifungua, akakifunga tena. Basi lilipita tukiliona, na mama hakugeuza hata shingo.